Gari huwaka vizuri alfajiri lakini hugoma mchana: nipime nini kabla ya kununua stata?

Mama Mikate, Tanga

Habari zenu mafundi na wenye magari. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, injini ya petroli ya lita 1.5, gia za otomatiki, linalowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha. Nalitumia kusambazia mikate madukani kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni na Mabawa, na siku nyingine hufika nalo Muheza, kwa hiyo katika asubuhi moja huzimwa na kuwashwa kila baada ya mwendo mfupi. Alfajiri halijawahi kunisumbua. Tatizo huanza jua likishapanda, kuanzia mnamo saa nne, na hata hapo si kila ninapolizima: laweza kukubali katika maduka kadhaa mfululizo, kisha likagoma kwenye duka linalofuata bila kuonyesha dalili yoyote kabla.

Linapogoma, taa za dashibodi huwaka kama kawaida, honi hulia vizuri na redio haikatiki. Nikizungusha ufunguo hadi mwisho, mara nyingine husikika mlio mmoja tu wa "tak" kutoka chini ya boneti, na mara nyingine hakuna mlio wowote. Injini haizunguki hata kidogo. Nikirudiarudia kuzungusha ufunguo, au nikiliacha lipoe, ghafla hupiga selfu (injini huzungushwa ili iwake) kwa nguvu zake zote na kuwaka papo hapo, kiasi kwamba mtu aliyefika dakika hiyo hawezi kuamini kuwa lilikuwa limegoma. Halijawahi kupiga selfu kwa uvivu, kama lifanyavyo gari lenye betri iliyochoka.

Betri ni mpya na vichwa vyake ni visafi. Fundi wa kwanza amesema stata, yaani mota inayoizungusha injini wakati wa kuwasha, imekufa, ninunue ya mtumba. Wa pili anasema ni sensa, ingawa alipounganisha mashine ya kupimia hakukuta kosa lolote lililohifadhiwa. Kila nikilifikisha gereji linawaka, na fundi hawezi kupima ugonjwa ambao haupo mbele yake. Nina multimita ya dijitali na najua kupima volti za betri, lakini sijui niguse wapi zaidi ya hapo. Naomba mnielekeze vipimo ambavyo naweza kuvifanya mwenyewe nikiwa mbele ya duka, gari likiwa limegoma. Kununua kifaa kwa kubahatisha sitaki.

Fundi wa Kirumba, Mwanza

Pole dada, na ahsante kwa kueleza kwa utaratibu, kwa sababu maelezo yako yenyewe yameshapunguza sehemu kubwa ya kazi.

Watu husema "gari haliwaki" kwa magonjwa mawili ambayo hayana undugu. Lipo gari lisilopiga selfu kabisa, na lipo gari linalopiga selfu vizuri lakini injini haishiki. Lako ni la kundi la kwanza. Plagi, koili, pampu ya mafuta na sensa ya kranki (inayoieleza kompyuta kwamba injini inazunguka) hazina uwezo wa kuizuia stata isizunguke katika gari la ufunguo wa kuzungusha la aina hiyo. Zikifa zote kwa pamoja, bado utasikia injini ikizungushwa, ila haitashika. Kwa hiyo ushauri wa sensa uweke kando. Na usishangae kwamba mashine haikukuta kosa, kwani katika magari mengi ya umri huo kompyuta ya injini haiusimamii mzunguko wa stata na haiwezi kutoa taarifa juu ya jambo isiloliona.

Sasa tuangalie njia zenyewe za umeme, kwa maana ziko mbili. Njia nene hutoka chanya ya betri kwa waya mnene hadi kwenye stata, hupita ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku-umeme ya stata), huizungusha mota, kisha hurudi hasi kupitia mwili wa injini na waya mnene wa hasi. Njia nyembamba hutoka betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi ya ufunguo, kisha kwenye swichi ya gia ambayo huruhusu umeme pale tu gia ikiwa P (ya kuegesha) au N (gia huru), katika magari mengine hupita pia kwenye rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), na humalizikia kwenye terminali ndogo ya solenoidi. Kazi ya njia nyembamba ni kuiamsha solenoidi tu. Solenoidi ikiamka, huvuta kijiti cha chuma chenye kisahani cha shaba, na kisahani hicho ndicho kinachounganisha njia nene.

Ukisikia "tak" moja na mota isizunguke, maana yake kijiti kimesogea lakini njia nene haikuungana ipasavyo, ama kwa sababu vipande vya shaba vinavyogusana na kisahani vimeliwa, ama kwa sababu umeme uliokuja kukivuta ulikuwa hafifu kiasi kwamba hakikufika mwisho. Usiposikia chochote, umeme wa njia nyembamba haukufika kabisa au umefika kidogo mno. Wewe unapata hali zote mbili kwa kubadilishana, na hilo peke yake linanifanya niitilie shaka njia nyembamba kabla ya kuihukumu stata.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Likigoma, weka multimita kwenye betri, mtu mwingine azungushe ufunguo na kuushikilia, nawe usome namba. Betri iliyojaa ikiwa imetulia huonyesha karibu volti 12.6, na ikiwa nusu huwa karibu 12.2. Stata inapozungusha injini kikawaida, volti hushuka hadi 10 na kitu. Kama gari limegoma na volti zinaporomoka chini ya 9, betri haina nguvu au mota imekwama. Kama zinabaki juu ya 12, umeme mwingi hautoki kabisa kwenye betri, na hapo tutatafuta mahali njia ilipokatika.

Mwalimu wa Umeme wa Magari, Dodoma

Naungana na fundi wa Kirumba, ila naongeza jinsi ya kuunasa ugonjwa huu, kwani ugonjwa unaokuja na kuondoka haupimwi kwa kuusubiri gereji. Kipimo lazima kikae tayari ndani ya gari.

Mwombe fundi umeme akupandishie gari mara moja, akuunganishie waya mwembamba kwenye terminali ndogo ya stata, aupitishe kwenye tundu la mpira kwenye ukuta wa injini mpaka karibu na kiti chako. Mwanzoni mwa waya huo, karibu kabisa na stata, aweke fyuzi ndogo, kwa sababu waya usio na fyuzi ukikwaruzika na kugusa bodi unaweza kuyeyuka au kuwasha moto. Ufungwe mbali na bomba la moshi. Waya huu haubadilishi chochote katika gari. Ni mkono wa multimita yako uliorefushwa. Siku gari likigoma, unaweka ncha nyekundu kwenye waya huo na ncha nyeusi kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi, unazungusha ufunguo, unasoma. Hakikisha gia iko P na breki ya mkono imevutwa.

Ukisoma volti 11 na kuendelea wakati stata imenyamaza au imetoa "tak" tu, njia nyembamba imefanya kazi yake na kosa liko ndani ya stata au kwenye waya mnene. Ukisoma 8, 7 au chini ya hapo, stata haina hatia, kwani inanyimwa umeme njiani. Ukisoma sifuri, njia imekatika kabisa mahali fulani.

Nasisitiza kwamba usomaji ufanyike ufunguo ukiwa umeshikiliwa kwenye nafasi ya kuwasha, na waya wa stata ukiwa mahali pake. Mafundi wengi huchomoa waya ule mwembamba, huupima ukiwa unaning'inia, huona volti 12 na kutangaza kwamba ni mzima. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba huonyesha volti 12 kamili pale ambapo hakuna kifaa kinachovuta umeme, sawa na mpira wa bustani uliobanwa, ambao ukiziba mdomo wake kwa kidole unahisi msukumo wote wa maji, lakini ukiachia yanatoka matone. Upungufu hujitokeza mzigo ukiwapo tu.

Kwa njia nene kanuni ni hiyo hiyo. Multimita ikiwa kwenye volti, ncha moja iguse kichwa cha chanya cha betri na nyingine iguse boliti nene ya stata huku injini ikizungushwa. Tofauti isizidi nusu volti. Upande wa hasi, kati ya kichwa cha hasi cha betri na chuma cha injini, isizidi volti 0.2. Upande huu wa hasi husahauliwa mno, hasa katika magari ya pwani, ambako chumvi ya hewani huingia chini ya boliti za waya wa bodi na kuota ukoko wa kijani usioonekana mpaka ufungue.

Kuhusu kwa nini mchana, maelezo yapo. Ukinzani wa shaba, yaani jinsi inavyozuia umeme, huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Stata iliyolala usiku kwenye nyuzi 30, na mchana ikafika 90 kwa joto la injini iliyozimwa sasa hivi, koili za solenoidi yake zitakuwa na ukinzani uliozidi kwa karibu robo, na kwa hiyo zitahitaji volti nyingi zaidi ili zivute kwa nguvu ile ile. Njia yenye udhaifu mdogo huvumilia alfajiri na kushindwa adhuhuri. Ikumbukwe pia kwamba injini ikishazimwa hakuna hewa wala maji yanayozunguka kuipooza, hivyo joto la chini ya boneti hupanda kwa muda kabla ya kuanza kushuka, na ni katika kipindi hicho hasa ambapo wewe unateremsha mikate na kurudi kuwasha.

Abiria wa Likoni, Mombasa

Samahani walimu wangu, mmepita haraka juu ya jambo ambalo huku kwetu ndilo la kwanza kuulizwa. Dada, je, gari hilo limefungwa alamu ya kununua mtaani, hata kama haitumiki tena?

Nauliza kwa sababu mfungaji wa alamu kwa kawaida huukata waya wa stata chini ya dashibodi na kuweka rilei yake katikati, ili mwizi akizungusha ufunguo asipate kitu. Rilei yenyewe mara nyingi ni ya bei ya chini, na maungio hayakulehemiwa bali yamesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe. Miaka ikipita, gundi ya utepe huyeyuka kwa joto, shaba inaingia kutu, na miguu ya rilei inalegea kwenye soketi yake. Mwenye gari wa tatu au wa nne hajui hata kwamba kitu hicho kipo. Atabadilisha betri, atabadilisha stata, na gari litaendelea kugoma.

Kabla ya kutambaza waya, jaribu pia jambo lisilogharimu senti. Likigoma, kanyaga breki, hamisha gia kutoka P kwenda N, uzungushe ufunguo. Likikubali kwenye N na kukataa kwenye P kila mara, swichi ya gia ndiyo mgonjwa, au inahitaji kurekebishwa mkao wake tu.

Na wapo watakaokwambia mwambie kijana aigonge stata kwa mpini wa nyundo huku wewe ukizungusha ufunguo. Ikizunguka kwa kugongwa, kaboni (zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zimekwisha au vipande vya shaba vimeliwa. Ni kipimo halali.

Mwalimu wa Umeme wa Magari, Dodoma

Hoja ya alamu ni nzito na naiunga mkono. Juu ya kugonga, tahadhari: stata nyingi za magari madogo zina sumaku za kudumu zilizobandikwa kwa gundi ndani ya ganda, na pigo kali huzipasua. Ikigongwa, iwe kwa kuguswa tu, mara moja, kwa ajili ya kujua. Nimeona stata iliyokuja kubadilishiwa kaboni ikatupwa kwa sababu ya sumaku iliyovunjwa na nyundo.

Mama Mikate, Tanga

Nashukuru sana ndugu zangu. Waya umefungwa pamoja na fyuzi yake kama mwalimu alivyoelekeza, na fundi aliyeufunga alicheka kidogo, kisha akaniomba nimwachie mchoro.

Gari limegoma leo mchana pale Mabawa, injini ikiwa ya moto. Betri ilisoma 12.5 kabla ya kuzungusha ufunguo, na ufunguo ukiwa umeshikiliwa haikushuka chini ya 12.3. Waya mwembamba wa stata ulisoma 6.8, na kulikuwa na "tak" hafifu mno ambayo nisingeisikia kama redio ingekuwa imewashwa. Nikahamisha gia kwenda N, namba ikabaki ile ile. Nikauachia ufunguo na kuuzungusha tena, waya ukasoma 10.9 na injini ikawaka.

Kuhusu alamu: ndiyo, ipo. Nililinunua gari likiwa nayo, rimoti yake ilikufa, na tangu wakati huo nafungua milango kwa ufunguo. Kuna kitaa chekundu kidogo kwenye dashibodi ambacho bado humetameta usiku. Je, ni salama kuing'oa?

Fundi wa Kirumba, Mwanza

Namba zako zimesema kila kitu, dada. Betri ina 12.3 na stata inafikiwa na 6.8, maana yake volti 5.5 zinapotelea kwenye njia nyembamba. Hakuna stata ya mtumba itakayozirudisha. Na kwa kuwa kuhamia N hakukubadilisha namba, ingawa si uthibitisho kamili, swichi ya gia imeshuka kwenye orodha yangu.

Hatua inayofuata ni kuigawa njia katikati badala ya kuifuata nukta kwa nukta. Fundi afungue plastiki ya chini ya usukani, aupate waya wa stata unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, na apime hapo ufunguo ukiwa umeshikiliwa gari likiwa limegoma. Akikuta namba iliyo karibu na ya betri, swichi ya ufunguo ni nzima na kosa liko mbele yake. Akikuta 7 hapo hapo, kosa ni la swichi yenyewe au la fyuzi na waya unaoilisha, kwani vipande vya shaba ndani ya swichi ya ufunguo navyo huungua kwa kutumika, na gari linalowashwa mara nyingi kwa siku kama lako huvila mapema. Kisha apime kabla na baada ya rilei ya alamu. Sipendi kutabiri, lakini ningekuwa mimi ningeanza na rilei hiyo.

Kuing'oa ni salama ikifanywa kwa adabu. Vichwa vya betri vifunguliwe, hasi kwanza. Nyaya zenye ganda la manjano chini ya usukani zisiguswe wala kupimwa kwa tesa ya taa, kwa kuwa katika magari mengi hizo ni za mifuko ya hewa. Waya wa stata uliokatwa urudishwe kwa kulehemiwa au kwa kiungio cha kubanwa kwa koleo lake, kisha ufunikwe kwa mrija wa kusinyaa kwa joto, na kama kipande kimeongezwa kiwe na unene sawa na waya wa asili. Mfungaji wa alamu huenda pia alikata waya wa pampu ya mafuta au wa kuwasha injini. Huo nao uungwe kabla hajafunga plastiki, la sivyo utapiga selfu na gari lisiwake, na tutaanza uzi mwingine hapa.

Mama Mikate, Tanga

Imepatikana. Fundi alilisubiri gari ligome huku mimi nikiendelea na mzunguko wangu naye akiwa kiti cha pembeni, plastiki ikiwa imefunguliwa. Waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo ulisoma 11.9, na upande wa pili wa rilei ya alamu ukasoma chini ya 7. Alipoichomoa rilei alinionyesha soketi yake: tundu moja lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia, plastiki imevimba kuzunguka mguu, na mguu wenyewe ulitikisika kwa kuguswa na ukucha. Maungio mengine mawili yalikuwa yamesokotwa na kufungwa utepe, kama ndugu wa Likoni alivyoeleza utadhani alikuwapo.

Alamu yote imetolewa, waya wa stata umelehemiwa, na hapakuwa na waya mwingine uliokatwa. Mchana huu, injini ikiwa ya moto, waya wa kupimia umesoma 11.3 wakati wa kupiga selfu. Je, niuache waya huu au niutoe? Na je, stata itakuwa imeathirika?

Mwalimu wa Umeme wa Magari, Dodoma

Uache kwa wiki chache, kwa sababu kosa la kuja na kuondoka halihesabiwi kuwa limepona kwa kuwaka mara moja, kisha uutoe pamoja na fyuzi yake.

Juu ya stata, swali lako ni la msingi na jibu lake si la moja kwa moja. Ndani ya solenoidi kuna koili mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia. Koili ya kuvuta inanyonya umeme mwingi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hurudi hasi kwa kupitia mota yenyewe. Kisahani cha shaba kikishagusa, ncha zote mbili za koili ya kuvuta zinapata chanya, nayo inanyamaza, ikabaki ile ya kushikilia. Hii ndiyo sababu rilei dhaifu huungua: mzigo wake si mdogo kama waya wake unavyodanganya. Sasa, volti zilipokuwa pungufu, kisahani kilikuwa kikisogea bila kukandamiza barabara, na shaba inayogusana kwa kusitasita hutoa cheche na kuliwa. Inawezekana basi kwamba vipande vya shaba vya stata yako vimepoteza sehemu ya umri wao. Hakuna haja ya kuifungua leo. Ila ukija kusikia "tak" moja yenye nguvu, waya wa kupimia ukisoma 11 na kuendelea na betri isishuke, stata ifunguliwe ibadilishiwe vile vipande vya shaba na kaboni ikibidi. Katika stata nyingi za Kijapani vipande hivyo huuzwa peke yake na bei yake haifiki karibu na ya stata nzima, hata ya mtumba, ambayo isitoshe huja na vipande vyake vilivyoliwa na gari la mtu mwingine.

Pima pia chaji. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, taa zikiwa zimewashwa, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Kwa mizunguko mifupi kama yako altaneta (jenereta inayochaji betri) haipati muda mrefu wa kurudisha kilichotumiwa na stata, kwa hiyo ikisoma chini ya hapo hata betri mpya haitadumu.

Dereva wa Kahama

Nimefuatilia kwa makini, na naomba kuongeza swali, maana langu ni lile kundi la pili. Gari linapiga selfu vizuri sana, lakini likiwa la moto, baada ya safari ndefu na kulizima kwa muda mfupi, haliwaki kabisa. Likikaa nusu saa linawaka lenyewe. Likiwa baridi halina shida. Nimeambiwa nibadilishe pampu ya mafuta.

Fundi wa Kirumba, Mwanza

Usibadilishe kitu bado. Likigoma, piga selfu huku macho yako yakiwa kwenye mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Katika magari mengi mshale huo huinuka kidogo, hadi 200 au 300, injini inapozungushwa na stata. Ukilala kwenye sifuri bila kutikisika, kompyuta haipati habari kwamba injini inazunguka, kwa hiyo haitoi mafuta wala cheche, na mshukiwa mkuu ni sensa ya kranki au waya wake. Koili ya sensa hiyo hukatika ikipata moto na kuungana tena ikipoa, jambo linalolingana kabisa na nusu saa unayoisema. Unaweza kulithibitisha kwa kuipooza sensa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, bila kumwagia injini nzima: likiwaka baada ya dakika chache badala ya nusu saa, umeipata. Mashine ikisoma P0335, msimbo wa kosa la sensa ya kranki, itakuwa nyongeza nzuri, lakini isiposoma usiitoe sensa hatiani kwa sababu hiyo.

Mshale ukiinuka, hapo ndipo twende kwenye mafuta. Fungua kifuniko cha tangi, mwenzako apige selfu, nawe usikilize mvumo wa pampu kwenye mdomo wa tangi. Usisikilize ufunguo ukiwa kwenye ON tu, kwa sababu magari mengi ya Kijapani huiendesha pampu pale tu injini inapozunguka. Pampu ikinyamaza, badilisha kwanza rilei yake na nyingine ya aina ile ile iliyomo kwenye kisanduku hicho hicho, kisha pima volti kwenye plagi ya pampu wakati wa kupiga selfu. Ukikuta 12 na pampu imenyamaza, pampu ndiyo mbovu. Tuletee mshale umefanya nini, ndipo tuendelee.